Mkono wa Kushoto wa Rispah

Rispah Nekesa hakai. Nimelala kitanda cha juu, yeye cha chini, miaka mitatu na nusu katika chumba kimoja huko International City, Dubai, na ukiniuliza akiketi anafananaje itabidi nifikirie kwanza. Chai anakunywa akiwa amesimama mlangoni. Simu anapiga akizunguka kati ya vitanda, mpaka wale wanne tunaoishi nao wanamwambia, dada, chagua ukuta mmoja ukae nao. Hata kanisani, wakati wa mahubiri, husimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, kama aliyetumwa kulinda viti.

Kazi imechangia. Rispah ni mlinzi wa mlango katika jengo moja la ghorofa Al Barsha, saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na pale mlangoni hapana kiti. Zamani kilikuwepo. Msimamizi wake alikiondoa, akasema mgeni akimkuta mlinzi ameketi jengo linashuka hadhi. Mimi ningemjibu siku ile ile. Hasira zangu ziko karibu, sikatai, na ndiyo sababu naosha vyumba katika hoteli ya tatu sasa tangu nije Dubai. Rispah hakumjibu. Alisimama, akaendelea kusimama, na akirudi nyumbani jioni miguu inauma lakini mwili mzima bado unatafuta pa kwenda.

Mikono ndiyo ilikuwa mibaya zaidi. Alikuwa na mazoea ya kuchukua miiko miwili ya ugali na kugonga chuma cha kitanda, juu, chini, kulia, kushoto, haraka haraka, mpaka jirani wa chini, fundi wa viyoyozi aitwaye Irshad, anagonga dari kwa ufagio. Rispah anasema pole kwa sauti, anaweka miiko, na baada ya dakika mbili vidole vyake vinaanza tena kwenye paja.

Miiko hiyo ilikuwa mazoezi ya nyumbani. Ya kweli yalikuwa Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya majengo ya Discovery Gardens, kwa fimbo za henzirani, chini ya Mfilipino mfupi mwenye mvi aitwaye Rodel. Wanafunzi wake humwita Guro, yaani mwalimu. Siku nyingine zote za wiki ni mkata nyama katika supamaketi iliyo chini ya jengo analolinda Rispah, aproni nyeupe, kofia ya karatasi, na mkono wa kushoto ndani ya glovu ya nyuzi za chuma ya kulinda vidole.

Walijuana kwa ubishi. Rispah alikwenda kununua mifupa ya supu wakati wa mapumziko, akamtazama akipasua mbavu za mbuzi, akashindwa kujizuia.

"Kaka, hilo panga linafanya kazi peke yake. Mwili wako uko likizo."

Rodel alicheka, akauliza ni nani aliyemfundisha mambo ya panga. Rispah akasema ni miwa. Kwao Bungoma alikata miwa na mama yake tangu akiwa na miaka kumi, kabla ya shule na baada ya shule, mpaka alipoolewa, na alipoachika akarudi kukata tena. Rodel aliweka panga kando akamuuliza kama Jumapili yuko huru.

Mimi niliburutwa baadaye, kwa sababu Rispah alihitaji mtu wa kimo chake wa kupigana naye. Nilikwenda kwa kinyongo. Nilidhani nitakuta watu wanarukaruka na kupiga kelele za kwenye sinema. Nilikuta wauguzi wawili, dereva mmoja, mlinzi Mganda aitwaye Lukman, na yule mzee akitufundisha kugusisha fimbo paji la uso, kisha kifuani, kisha kuinama kidogo mbele ya mwenzako kabla hujampiga. Mapigo yana namba. La kwanza linashukia bega la kushoto, la pili la kulia, la tatu na la nne yanaingia mbavuni upande huu na huu, la tano linachoma tumboni moja kwa moja, na yako mengine baada ya hapo. Guro anaita namba, wewe unatoa pigo, mwenzako anazuia, kisha mnabadilishana. Ni rahisi hivyo mpaka mtu akupige kwenye kifundo cha kidole.

Na mimi, kwa mshangao wangu mwenyewe, nilifaa. Mimi ni mtoto wa majani chai, Nyamira. Mikono yangu miwili ilijifunza mapema kuchuna hapa na kutupa nyuma ya bega kwenye kikapu, hapa na nyuma, hapa na nyuma, bila macho kuitazama. Guro aliponipa fimbo mbili za kusuka hewani nilizisuka. Alinitazama akasema, "Huyu mikono yake ina akili kuliko uso wake." Nilikasirika wiki nzima, kisha nikarudi Jumapili iliyofuata.

Lakini Rispah alikuwa kitu kingine. Ukimletea fimbo, mkono wake wa kulia unaizuia, na kabla hujairudisha, mkono wa kushoto umekwisha kuishika, umeivuta, na fimbo si yako tena. Alimnyang'anya Lukman fimbo mara nne katika dakika moja, na Lukman ni mtu wa kilo tisini.

"Nyabo, nibakizie hata moja nitembelee," Lukman alimwambia, nyabo kwao ni mama, na watu wote wakacheka.

Guro hakucheka. Alimwita Rispah pembeni, nami nikasogea kusikiliza kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Fimbo hii si fimbo," alisema kwa kile Kiingereza chake cha polepole. "Tunajifunza kwa fimbo ili tusikatane. Hii ni panga. Wewe kila mara unashika makali."

"Lakini si nimemnyang'anya?"

"Umemnyang'anya na umemwachia vidole vyako."

Hapo ndipo tulipoelewa tatizo, na tatizo hilo nadhani lingempata mkata miwa tu. Katika miwa, mkono wa kushoto ndio unaotangulia. Unashika muwa, wa kulia unakata chini kabisa karibu na udongo, wa kushoto unainua, wa kulia unakata kilele, wa kushoto unatupa kwenye rundo, na tayari umekwenda kushika mwingine. Asiyeshika kwanza hajakata kitu. Kitu chochote chembamba na kirefu kikimjia Rispah, kushoto kwake kunakwenda kukishika kabla kichwa hakijaulizwa. Kwa fimbo ilikuwa sifa. Guro alipotoa visu vya mazoezi, vya alumini, butu kama kijiko, ikawa aibu. Kisu cha kweli hatukuwahi kubeba hata siku moja, mji huu hauna mchezo na visu barabarani, lakini hata hivyo vya alumini Guro hakutaka kumpa. Aliwapa wauguzi, akanipa mimi, Rispah akabaki na fimbo mwaka mzima.

Iliniuma kwa niaba yake. Alikuwa bora kuliko sisi wote na tulijua.

Sasa, katika lile jengo la Al Barsha, ghorofa ya kwanza, kuna jimu ya wanawake ya mama mmoja aitwaye Madam Ghada, mtu wa miaka hamsini hivi anayetembea kama amechelewa kila mahali. Hupita mlangoni kwa Rispah kila asubuhi bila kumwona, kama watu wengi. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, alimwona. Rispah alikuwa amekunja gazeti la bure na kulisuka hewani akidhani yuko peke yake. Madam alisimama.

"Hiyo umejifunza wapi?"

Rispah alificha gazeti mgongoni, akaomba radhi. Madam akasema hataki radhi, anataka jibu. Akaelezwa. Akauliza kama Rispah anaweza kufundisha wanawake kujikinga, kwa maana wateja wake wanaomba kila siku na walimu wote anaowapata ni wanaume. Kama anaweza, kazi ipo, viza ipo, mwalimu wa kudumu. Aje Jumamosi baada ya wiki tatu na mwenzake, aonyeshe.

"Lakini usiniletee fimbo tupu," alisema. "Wateja wangu hawatembei na fimbo. Wanaogopa kisu. Nionyeshe kisu. Yalla, haya, lifti imefika."

Rispah alirudi nyumbani siku ile akaongea akizunguka chumba mara arobaini. Sababu nilikuwa naijua. Chini ya mto wake kulikuwa na fomu ya kampuni ya ulinzi. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na walitaka asaini mwingine wa miaka miwili kabla ya Jumatatu inayofuata ile Jumamosi. Asiposaini na asipopata kazi nyingine, ni tikiti ya kurudi Bungoma, kwenye miwa.

"Nikisaini, Eve, nitakuwa na miaka thelathini na tisa nikitoka pale mlangoni," aliniambia. "Thelathini na tisa. Nikiwa nimesimama."

"Na usiposaini?"

"Usiniulize hivyo. Nitashindwa kupumua."

Guro alipoambiwa alitazama mikono yake. Kisha akasema Rispah hayuko tayari. Rispah akasema anajua, ndiyo maana amemwambia mapema. Nilidhani mzee atakataa. Badala yake alimwomba leso aliyokuja nayo, akaufunga mkono wake wa kushoto kwenye mshipi wa kiunoni, mafundo mawili.

"Wiki mbili," alisema. "Kula hivyo. Fua hivyo. Ukitoka kazini unafunga."

Mungu ndiye anayejua wiki zile mbili. Alisonga ugali kwa mkono mmoja sufuria ikimkimbia mezani, nami nikiishikilia na kutukana. Alifua sare kwa mkono mmoja na meno. Alipigana nami kati ya vitanda kwa kisu cha alumini ambacho mwishowe Guro alikubali kumwazima, mkono wa kulia ukifanya kazi nzuri sana, mkono wa kushoto ukirukaruka ndani ya leso kama kuku aliyefungwa. Irshad alipanda juu mara moja kulalamika, akamkuta ameshika kisu na amefungwa, akashuka bila kusema kitu. Tulicheka mpaka machozi, na hicho ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka mwezi ule.

Baada ya wiki mbili Guro alifungua leso. Alipaka lipstiki yangu kwenye ukingo wa kisu, ile nyekundu isiyotoka niliyonunua kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, ili kila mahali kisu kinapogusa kibaki na alama. Akanipa mimi. Akaita namba. La kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, la nne, safi, mkono wa kushoto umekaa kifuani kwa adabu, tayari kusukuma kiwiko changu, jinsi inavyotakiwa. La tano, la kuchoma, kushoto kukatoka na kushika kisu.

Guro aliugeuza ule mkono juu. Mstari mwekundu ulipita viungo vya vidole vinne.

Ilikuwa hivyo kila mara. Mapigo ya kukata alikuwa ameyashinda. La kuchoma, kwa kuwa linakuja limenyooka, mkono uliliona kama muwa. Alhamisi kabla ya Jumamosi Rispah alikaa, ndiyo, alikaa kitandani kwangu dakika nzima, akasema kwa sauti ndogo:

"Eve, tupange. Tuonyeshe mpaka la nne tu. Ukitoa la nne, rudi nyuma, uiname, tumalize. Wale hawajui namba."

Nilimwambia hilo halina neno. Wachezaji wote hupanga. Nilikubali kwa moyo wote, na ninaliweka hapa ili mjue nilikubali.

Jumamosi tulifika saa nne asubuhi. Guro alitusindikiza mpaka kwenye lifti, akaishia hapo, kwa kuwa wanaume hawapandi kule. Jimu ilikuwa na vioo ukuta mzima na harufu ya karafuu na sabuni. Madam Ghada alikuwa ameketi na wateja wanne, wamama wa heshima wenye suruali za mazoezi na kahawa mkononi. Rispah alikuwa na sare ya mlinzi ndani ya begi, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameomba nusu zamu, kuanzia saa sita, pale pale chini.

Tulianza na fimbo. Tukagusa paji, kifua, tukainama. Tukasuka, na nasema bila aibu tulikuwa wazuri, henzirani zikilia, wale wamama wakishusha vikombe polepole. Rispah alikuwa amewaka. Miezi na miezi ya kusimama ilikuwa inamtoka kupitia mikononi. Kwa kuwaka kule akanipiga kidole. Nikamtazama. Akanipiga tena, kidole kile kile. Nikamnong'oneza, "Wee, punguza." Hakusikia. Mara ya tatu nilisikia maumivu mpaka kwenye meno, na vioo vyote vikanionyesha uso wangu ukibadilika.

Tukaweka fimbo, nikachukua kisu. Nilikuwa nimekipaka lipstiki mwenyewe. La kwanza. La pili. Alikuwa anapendeza, alikuwa anateleza, kiganja chake cha kushoto kikisukuma kiwiko changu kwa upole kana kwamba maisha yake yote amefanya hivyo. La tatu. La nne.

Na mimi nikatoa la tano.

Sikupanga. Nasema hivyo na najua mnavyoniambia moyoni. Kidole kilikuwa kinawaka moto na mkono wangu ukaenda mbele, nikamchoma rafiki yangu tumboni kwa hasira ya kweli, mbele ya watu walioshika maisha yake.

Kushoto kwake kukatoka. Alishika kisu katikati, akakizungusha, akaninyang'anya, na kabla sijajua niko wapi ncha yake ilikuwa shingoni mwangu. Ilikuwa nzuri ajabu. Wale wamama wakapiga makofi. Mmoja alisimama. Madam Ghada alitikisa kichwa kwa furaha akamwambia jirani yake kitu kwa Kiarabu, na hata mimi nilielewa kwamba kazi imepatikana.

Rispah alikuwa amekunja ngumi ya kushoto. Niliiona. Alinitazama machoni, na machoni mwake hapakuwa na lawama, palikuwa na hofu tupu. Suruali yake ilikuwa nyeusi. Angepangusa pale pajani, mara moja tu, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa sina mdomo wa kusema.

Makofi yalipoisha alifungua mkono akauinua.

"Madam, samahani. Msipige makofi. Tazameni hapa."

Kiganja chote kilikuwa chekundu.

"Kisu kingekuwa cha kweli, hapa nimepoteza vidole vinne. Guro wangu amenikataza mwaka mzima. Nilikata miwa tangu utoto na mkono huu unashika. Tulipanga nisiufikie huo mchomo, nikaufikia. Mlichokiona ni makosa."

Madam Ghada aliweka kikombe.

"Na ulitaka kuwafundisha wateja wangu?"

"Nilitaka, madam."

Alianza kukusanya fimbo, akazifunga kwa ile leso, akaniambia kwa chini, "Eve, twende, nimechoma, nimeharibu." Mungu anisamehe, nilitamani ardhi inimeze mimi na kidole changu.

Ndipo yule mama aliyesimama, mwenye miwani, akauliza, "Sasa mtu afanye nini?"

Rispah aligeuka. Nadhani alikuwa amekwisha sahau kwamba kuna kazi. Aliulizwa swali na alilijua jibu.

"Njoo," alisema. Alichukua kisu, akakipaka lipstiki upya, akakielekeza kwa yule mama polepole, pasipo haraka yoyote. "Nakuja tumboni. Nizuie."

Yule mama alishika kisu. Alipofungua kiganja alitoa sauti ndogo.

"Wewe ulikata miwa wapi?" Rispah alimuuliza.

Wa pili akaja, akasema yeye amejua sasa hatashika, akashika. Wa tatu alishika kwa mikono yote miwili. Wa nne aliruka nyuma, akapongezwa, kisha mara ya pili akashika. Walikuwa wanacheka sasa, wakionyeshana viganja. Madam Ghada alikuja mwisho, amekunja mikono ya shati, uso wa mtu ambaye hatashika. Rispah alimletea kile kisu taratibu kabisa.

Madam alitazama kiganja chake chekundu.

"Khalas, basi," alisema. "Nionyeshe."

Rispah aliwaonyesha. Hatua ya pembeni kwanza, miguu kabla ya mikono. Kisha nje ya kiganja, si ndani. Kisha kiwiko cha yule mwingine, si silaha yake. Alisema, "Mkono wako utataka kushika, usijilaumu, wangu nao unataka, uzoeze," na alisema hivyo mara ishirini kwa saa nzima, akipita kutoka kwa mmoja mpaka mwingine, akisahihisha bega hili, akisogeza mguu ule. Nilikuwa nimeketi kwenye kona na kidole changu kwenye glasi ya barafu. Sikuwahi kumwona anapita kwa watu namna ile, bila kutafuta mlango.

Saa sita kasoro robo aliruka. "Madam, zamu yangu!"

Madam Ghada alikuwa kwenye sinki akisugua. Lipstiki ilikuwa haitoki.

"Jumatatu uniletee nakala ya pasipoti," alisema bila kugeuka. "Na uje na kitu cha kuondoa hii, nina wageni leo jioni."

Guro alikuwa bado amesimama kwenye lifti, ametafuna kofia yake ya karatasi mpaka ukingo umelowa. Aliona kiganja kabla ya kuona uso.

"Kushoto!" alifoka. "Mwaka mzima nasema kushoto!"

"Wote watano wameshika, Guro," Rispah alimwambia. "Hata madam mwenyewe."

Alitazama kile kiganja, kisha akatazama mkono wake wa kushoto, ule unaovaa chuma kila siku, akasema anachelewa kukata kuku. Alitembea hatua tatu, akarudi, akagusisha ngumi paji lake la uso na kifua, akainama mbele ya Rispah. Hajawahi kuinama kwanza mbele ya mwanafunzi.

Jioni nilimngoja Rispah amalize zamu, saa nzima ya mwisho nimesimama naye pale mlangoni kama adhabu niliyojipa. Kwenye metro kulikuwa na kiti kimoja. Akaniambia nikae. Yeye alisimama akishika chuma, na mikono yake ilikuwa imetulia, yote miwili.

Alitoa ile fomu ya kampuni kwenye begi, akaitazama, akajaribu kupangusia kiganja chake. Ikabaki alama ya vidole vinne mahali pa sahihi.

"Kwa nini uliwaonyesha?" nilimuuliza. "Walikuwa wamekwisha kukupa kazi."

"Wangekwenda nyumbani wakijua ndivyo inavyofanywa," alisema. "Siku moja mmoja wao angeshika."

Tulipita stesheni mbili. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha na sikuiona, na alijua, kwa maana aliniacha niitafute.

"Hesabu ilikuwa nne, Eve."

"Najua."

"Ukaja na la tano."

"Uliniumiza kidole. Mara tatu. Lakini si sababu. Nisamehe."

Aliinua mkono wangu, akakitazama kile kidole kilichovimba, akakipuliza kama mtu anavyompuliza mtoto.

"Madam anataka nije na mwenzangu wa kuonyesha," alisema. "Jumamosi mbili kwa mwezi, hoteli yako ikikubali. Njoo wewe. Na usije kunihesabia nne. Uje na hasira zako hizo hizo."